Miguu Kwanza: Hotuba kwa Chipukizi wa Netiboli, Walimu na Wazazi Wao

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa chama, walimu wa michezo, wazazi wetu, na ninyi mabinti mliokaa hapa mbele na raba zenu miguuni. Wakubwa shikamooni. Wadogo, hamjambo.

Mada niliyopewa ni mwanzo wa safari ya mchezaji wa netiboli wa kulipwa. Nitaisema miaka ile isiyoonyeshwa kwenye televisheni, tangu binti ana miaka 13 au 14 hadi siku anapotia saini mkataba wa kwanza. Neno langu kubwa ni moja, na mtalisikia mara nyingi asubuhi hii: netiboli tunaicheza kwa mikono, lakini mchezaji wa kulipwa hutengenezwa miguuni.

Tuanze kwa majirani. Peace Proscovia anatoka Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Alichezea klabu ya NIC ya Kampala, akawa nahodha wa She Cranes, timu ya taifa ya Uganda, kisha akaenda Uingereza kuichezea Loughborough Lightning, huku akisoma katika chuo kikuu cha mji huohuo. Mwaka 2019 alisajiliwa na Sunshine Coast Lightning ya Australia kujaza pengo la Caitlin Bassett, nahodha wa Australia, na msimu huo klabu ikafika fainali. Nyuma yake akaja Mganda mwenzake, Mary Cholhok, aliyetwaa ubingwa wa Uingereza na Loughborough mwaka 2021 na tena 2023. Malawi, ambako mchezo huu wanauita mpira wa manja, wametoa Mwai Kumwenda wa Mzimba. Yeye alipitia Mainland Tactix ya New Zealand kabla ya kuhamia Melbourne Vixens, akawa bingwa wa Australia mwaka 2020. Mmalawi mwingine, Joyce Mvula, ametwaa makombe ya Uingereza akiwa na Manchester Thunder.

Watu wakiyasikia majina haya wanafikia haraka jibu moja: wote ni warefu, na wote ni wafungaji. Basi mwalimu akirudi shuleni anamtafuta binti mrefu kuliko wenzake, anamvalisha herufi za GS, yaani mfungaji mkuu, anamsimamisha chini ya goli na kuwaambia wengine, "Mtupieni juu." Hapo ndipo tunapowapoteza wengi, na ninaomba tupatazame vizuri.

Binti wa kidato cha kwanza mwenye urefu wa mita 1.80 atafunga akiwa amesimama tu. Wilayani timu yake itashinda 40 kwa 12 na kila mtu atafurahi. Miaka 3 inapita. Amefika UMISSETA taifa, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, anakutana na mlinzi mfupi kwake kwa sentimita 10, lakini anayejua kuruka akitokea ubavuni na kuupangua mpira kabla haujafika. Sasa yule binti anatakiwa atoke, akimbie hatua 4, audake mpira akiwa hewani, atue, ageuke na kupiga. Hajawahi kufanya hivyo hata siku moja. Anadaka, anapiga hatua ya ziada, filimbi inalia. Anadaka tena, filimbi tena. Robo ya pili anakaa benchi, na nyumbani wanasema alipata woga. Si woga, wazazi wangu. Hakufundishwa miguu wakati mwili ulikuwa bado unapokea. Samaki mkunje angali mbichi.

Tuiseme basi kanuni ya miguu taratibu, maana hata wachezaji wa klabu kubwa huikosea. Ukidaka mpira ukiwa hewani, mguu wa kwanza kugusa ardhi ndio mguu wako wa kutua. Tuseme ni wa kulia. Mguu wa kushoto una uhuru: unaweza kuupeleka mbele, nyuma, pembeni, mara nyingi upendavyo, huku ukizunguka juu ya ule wa kulia. Wa kulia nao unaruhusiwa kuunyanyua, ila mpira lazima uwe umetoka mkononi kabla haujagusa tena ardhi. Ukitua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, utachagua mguu mmoja wa kupigia hatua, na ule uliobaki ndio unaohesabika kuwa wa kutua. Na yote haya yafanyike ndani ya sekunde 3, kwa sababu mpira haukai mkononi zaidi ya hapo.

Makosa ni mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuburuza mguu wa kutua: mchezaji anadhani umetulia, kumbe kisigino kinateleza sentimita 10 wakati anageuza kiuno. La pili ni kuruka kwa mguu mmoja baada ya kutua, kwa sababu alikuja na kasi ambayo hakuipunguza. Mzizi wa makosa yote mawili ni kusimama vibaya. Binti anakimbia wima, magoti yamenyooka, uzito uko mbele ya vidole. Hawezi kusimama hapo alipotua hata angekuwa na mapenzi ya namna gani.

Dawa yake haihitaji hata mpira. Chora mstari chini. Binti akimbie mita 10, na mita 2 kabla ya mstari ashushe kiuno, afupishe hatua, atue mguu mmoja juu ya mstari na kuganda hapo akihesabu hadi 3. Mara 8 kwa mguu wa kulia, mara 8 kwa wa kushoto. Wiki 2 bila mpira. Wiki ya 3 mwalimu amrushie mpira anapokaribia mstari. Wiki ya 5 aanze kutua na kugeuka kutazama upande mwingine kabla ya kupiga pasi. Na mguu wa kushoto usionewe huruma. Mchezaji anayetua vizuri kwa kulia tu husomwa na mlinzi ndani ya dakika 5.

Ninasisitiza hili kwa sababu nafasi ni chache mno. Ligi ya Australia, ambayo wengi mnaitamani, ina klabu 8, na kila klabu ina wachezaji 10 wenye mkataba kamili. Ni nafasi 80 kwa ligi nzima, na nyingi ni za Waaustralia wenyewe. Isitoshe, tangu mwaka 2020 ligi hiyo ina bao la pointi 2 katika dakika 5 za mwisho za kila robo, kwa mpira unaopigwa kutoka ukanda wa nje wa nusu duara. Nusu duara la goli lina upana wa mita 4.9 kutoka katikati ya mstari wa goli, na ukanda huo ni mita 1.9 za mwisho. Mfungaji anayejua kupigia chini ya pete peke yake, katika dakika hizo 5 klabu inaweza kumtaka apishe.

Kwa hiyo, walimu wangu, ombi la kwanza. Kabla binti hajatimiza miaka 16, acheze nafasi zisizopungua 3: moja ya kufunga, moja ya kati, moja ya ulinzi. Mrefu wenu acheze GK mwezi mzima ajue mlinzi anaona nini. Acheze WA, mshambuliaji wa pembeni, ajue uchungu wa kumtafuta mfungaji asiyejitenga. Afrika Kusini wana Karla Pretorius, mlinzi, GD, na ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la 2019 pale Liverpool. Majina yanayovuma kutoka Uganda na Malawi ni ya wafungaji zaidi, lakini mlango wa walinzi upo, na mabinti wetu wengi wenye miguu myepesi wangeufaa kuliko ule wa kufunga. Mlinzi mzuri huonekana kwa kitu kimoja kidogo. Mwenye mpira akishatua, mlinzi lazima awe umbali wa mita 0.9 kutoka mguu wa kutua wa mwenye mpira ndipo anyooshe mikono. Mlinzi asiye na miguu anarudi nyuma akijikwaa na kunyoosha mikono kabla hajafika, anapigiwa filimbi ya kuzuia karibu. Mlinzi aliyefundishwa anaruka nyuma hatua moja, anatua kwenye mita 0.9 bila kutazama chini, mikono iko juu tayari. Umbali huo unazoewa kwa fimbo iliyokatwa kipimo hichohicho na kulazwa chini mazoezini, kila siku, hadi mguu wenyewe uujue.

Sasa ufungaji. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Pete iko mita 3.05 kutoka ardhini. Kipenyo chake cha ndani ni sentimita 38. Mpira wa namba 5 una mzingo wa milimita 690 hadi 710, maana yake kipenyo chake ni kama sentimita 22. Kwa hiyo mpira ukishuka wima kabisa juu ya pete, umebakiza nafasi ya sentimita 16 hivi. Lakini mpira haushuki wima. Ukiingia kwa mshazari wa nyuzi 60, pete kwa mtazamo wa mpira ni kama imebana, nafasi inayobaki ni sentimita 10 na kidogo. Ukiingia kwa nyuzi 45, zinabaki sentimita 4 na nusu. Ukiingia kwa nyuzi 35, hauwezi kupita bila kugonga chuma. Na nyuma ya pete hakuna ubao kama wa mpira wa kikapu, ni hewa tupu. Mpira bapa ukigonga chuma unatoka, na mlinzi anauchukua.

Sasa fikirieni goli la shule ambalo pete yake imewekwa mita 2.70 kwa sababu bomba lilikuwa fupi, au limezama kwenye mchanga miaka ikipita. Binti anazoea kupiga bapa na mpira unaingia. Anapiga hivyo kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Siku anapofika kwenye pete halali, mikono yake yote inajua jambo lisilo sahihi. Kosa hilo si lake. Ni la sisi watu wazima tuliokuwa na bomba, mchanga na muda, lakini hatukuwa na utepe wa kupimia.

Upigaji wenyewe unaanzia chini, nanyi mmeshajua ninakokwenda. Miguu upana wa mabega, vidole vya miguu vinatazama goli. Mpira juu ya kichwa, nyuma kidogo ya paji la uso, umekaa kwenye vidole vilivyotanuliwa na si kwenye kiganja. Kiwiko kinatazama pete. Mkono wa pili unagusa ubavu wa mpira kuushikilia tu, hausukumi. Pinda magoti na viwiko kwa wakati mmoja, kisha nyosha vyote kwa pamoja, na mpira utoke kwenye ncha za vidole mwili ukiwa umenyooka kabisa. Kifundo cha mkono kilegee mwishoni ili mpira uzunguke kurudi nyuma. Mzunguko huo ndio unaoulainisha mpira ukigusa pete, ukaangukia ndani badala ya kuruka nje.

Mpira uliokosa unasema kosa lako, usikilize. Ukiishia mbele ya pete, magoti hayakusukuma, umetumia mkono peke yake. Ukienda kulia au kushoto, ama kiwiko kilitoka nje au mkono wa pili ulisukuma. Ukigonga nyuma ya pete kwa nguvu, magoti yalinyooka kwanza, mkono ukafuata kwa kuchelewa na bega likajazia. Mwenzako akupige video kwa simu akiwa amesimama ubavuni mwako. Video ya mbele haionyeshi magoti wala mshazari wa mpira.

Utaratibu wa kila siku ni huu. Weka alama 5 kuzunguka goli, zote zikiwa mita 1 kutoka kwenye nguzo. Piga mipira 10 kila alama, jumla 50, na andika daftarini. Usisogee mita 2 hadi ufunge 45 kati ya 50 siku 3 mfululizo. Kisha mita 3, kisha mita 4. Binti mwenye bidii huchukua miezi kufika huko, asikate tamaa. Baada ya hapo ongeza vitu viwili. Mwenzako asimame mita 0.9 mbele yako akinyanyua fimbo ya ufagio, maana mikono ya mlinzi wa kimataifa inafika hapo fimbo inapofika. Na mipira 20 ya mwisho ya kila siku ipigwe baada ya kukimbia mbio fupi 10 mfululizo, bila kupumzika. Mechi ni robo 4 za dakika 15. Mfungaji hakosi sana robo ya kwanza. Anakosa robo ya nne, magoti yakiwa yamechoka, na mkono unajaribu kufanya kazi ya magoti. Hapo ndipo daftari la wengi linapotofautiana na matokeo yao ya mechi.

Nije kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Magoti.

Netiboli ni mchezo wa kuruka, kutua ghafla na kugeuka. Ndani ya goti kuna kano inayozuia mfupa wa mguu wa chini usichomoze mbele. Binti akitua huku goti limenyooka na kuingia ndani, kano hiyo inaweza kukatika bila mtu yeyote kumgusa. Katika michezo ya namna hii wasichana huumia kano hiyo mara kadhaa zaidi ya wavulana, na hatari huanza hasa baada ya kubalehe, mwili unaporefuka na uzito kuongezeka huku misuli ya nyuma ya paja ikibaki dhaifu. Kamba hukatikia pabovu. Mwai Kumwenda aliumia kano hiyo mwishoni mwa mwaka 2017, akaukosa msimu mzima wa 2018. Yeye alikuwa na klabu, daktari wa upasuaji na mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akarudi na kuwa bingwa. Binti wa miaka 16 asiye na bima, safari yake inaweza kuishia siku hiyohiyo.

Kwa hiyo dakika 12 kabla ya kila mazoezi, mara 3 kwa wiki, mwaka mzima, ziwe za magoti. Simama juu ya ngazi au benchi ya sentimita 30, shuka kwa miguu miwili, ganda sekunde 3. Raundi 2 za mara 8. Mwalimu asimame mbele na kutazama: goti lielekee kidole cha pili cha mguu, lisiingie ndani. Halafu asikilize. Kutua kuzuri hakuna kishindo, na mwalimu aliyezoea anaweza kugeuka mgongo akajua kwa sikio nani ametua vibaya. Kisha simama mguu mmoja sekunde 30 huku ukirushiana mpira na mwenzako, halafu badili mguu. Kisha piga magoti kwenye nyasi au kwenye mkeka, mwenzako akukandamize vifundo vya miguu, nawe uteremke mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kuanzia goti hadi kichwa, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja kadiri unavyoweza, ndipo uweke mikono chini. Mara 4 au 5, raundi 3. Wiki ya kwanza itauma. Anza na raundi 1.

Na akiumia je? Kifundo cha mguu kilichoteguka ndicho kitakachowajia mara nyingi. Siku mbili za mwanzo ni baridi, bandeji, kuinua mguu na kutoukanyagia. Hapa mama zangu nawaomba kwa heshima zote: maji ya moto na kuchuliwa siku ya kwanza kunaongeza uvimbe, tusubiri. Lakini goti likitoa mlio ndani, likavimba ndani ya saa chache, au binti akisema goti linakwepa akikanyaga, hilo si la kuchua hata kidogo. Ni la hospitali. Akifanyiwa upasuaji wa kano, asirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9, na wengi huhitaji mwaka. Anayerudi miezi 5 kwa sababu timu ina fainali, anarudi kwenye kisu.

Raba nazo. Raba ya kukimbilia barabarani ina soli nene na laini nyuma, imetengenezwa kwa kwenda mbele. Ukigeuka kwa nguvu inapinduka pamoja na kifundo. Tafuteni yenye soli bapa na pana, inayoshika kisigino, hata kama ni ya mtumba. Soli ikilainika hadi michirizi imepotea, hiyo ibaki ya kuendea dukani.

Kuhusu chakula nitasema kwa kifupi. Ugali na maharage, dagaa, mayai inapowezekana, mboga za majani na tunda lenye uchachu pembeni ili madini ya chuma yaingie vizuri mwilini. Binti anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku na kula mlo mmoja atachoka, na ataumia. Iko dalili moja ambayo walimu wa kiume huona haya kuiuliza: binti akikosa hedhi miezi 3 mfululizo, si mimba peke yake ya kufikiriwa. Mwili unaweza kuwa unasema chakula hakitoshi kwa kazi unayofanya, na mifupa yake inaanza kulipia. Mpelekeni kituo cha afya. Kila timu ya wasichana iwe na mwalimu wa kike au mlezi ambaye anaweza kuambiwa mambo haya bila hofu.

Sasa njia yenyewe. Kwetu Tanzania ngazi zinajulikana: UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari, kisha klabu. Na klabu zetu zenye nguvu nyingi ni za taasisi: jeshi, polisi, magereza, uhamiaji. Wapo wanaozidharau wakisema hizo si timu za kulipwa. Mimi naona hapo ndipo mchezaji wetu anapopata ajira yake ya kwanza kwa sababu ya netiboli. Analala mahali pa uhakika, ana mshahara, ana bima ya matibabu, anafanya mazoezi kila siku. Uganda nako njia hiyo imezaa matunda, kwani NIC aliyotoka Proscovia ni klabu ya shirika la bima. Binti akipata nafasi kama hiyo asione amekwama. Aitumie miaka 3 au 4 kujijenga, na aombe mapema kujua utaratibu wa kupewa ruhusa endapo klabu ya nje itamtaka.

Klabu ya nje itakujuaje? Kwa macho ya watu wake kwenye mashindano ya Afrika na ya dunia, na kwa video. Taifa Queens, timu yetu ya taifa, ikifuzu na kucheza, kila mchezaji wake yuko dirishani. Ndiyo maana She Cranes kumaliza nafasi ya 5 Kombe la Dunia la 2023 kule Cape Town kulikuwa na faida kwa kila binti wa Uganda anayecheza leo. Kwa upande wa video, msitume dakika 2 za mabao yenye muziki. Makocha wanataka mechi 2 au 3 nzima, moja ikiwa dhidi ya timu iliyowashinda. Simu iwekwe juu, kwenye jukwaa au juu ya meza, usawa wa katikati ya uwanja, ionyeshe theluthi nzima ya uwanja kwa wakati mmoja, isimfuate mpira peke yake. Anayekutafuta ataangalia unafanya nini wakati huna mpira, unasimama wapi, unatuaje, na baada ya kukosa bao unarudi kulinda au unashika kiuno. Andika tarehe, timu zilizocheza, nafasi yako, matokeo, na urefu wako halisi. Urefu ukiongezwa sentimita 5 utagundulika siku ya kwanza ya vipimo.

Hapo ndipo karatasi zinapoingia, na karatasi zimewazuia mabinti wenye uwezo mkubwa kuliko magoti yalivyowazuia. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti liwe moja, herufi kwa herufi. Mwanaasha kwenye cheti kimoja na Asha kwenye kingine ni miezi ya kiapo, wakili na foleni, wakati klabu inahitaji jibu ndani ya wiki. Wazazi, litazameni hili binti akiwa kidato cha pili. Na umri usipunguzwe. Mashindano ya dunia ya vijana ni ya chini ya miaka 21, na anayedanganya anaharibu jina la nchi pamoja na lake.

Mkataba ukija, usitiwe saini siku hiyohiyo. Soma mshahara ni kiasi gani kwa fedha ya nchi hiyo na kodi inakatwa ngapi. Nyumba analipa nani. Tiketi ni ya kwenda tu au na ya kurudi. Bima inalipia upasuaji na miezi ya tiba baada yake, au inaishia kwenye bandeji. Ukiumia mwezi wa pili, mshahara unaendelea? Kibali chako kinakuruhusu kusoma au kufanya kazi nyingine? Hili la mwisho ni zito, kwa sababu mishahara ya netiboli si ya mpira wa miguu. Uingereza wachezaji wengi kwa miaka mingi wamecheza huku wakifanya kazi au kusoma. Binti mwenye cheti cha kidato cha nne na Kiingereza cha kutosha ana njia mbili akifika huko. Aliyeacha shule ili acheze amebaki na moja. Na mtu yeyote anayetaka umlipe fedha ili "akutafutie klabu", muulizeni barua ya klabu, kisha iandikieni klabu yenyewe kwa anwani yake rasmi, na mlipeleke suala hilo CHANETA, chama cha netiboli Tanzania, kabla ya shilingi kutoka mfukoni. Klabu inayokutaka inakulipa wewe, haikutozi.

Nimemaliza ya kusema, sasa tutoke nje. Utepe wa kupimia huu hapa, wa mita 5. Mabinti wa GS na GA waende goli la upande wa mwembe, walinzi goli la pili, na kila upande uniletee kipimo cha pete kutoka ardhini hadi ukingo wa juu. Wa kati mbaki nami kwenye mstari, mita 10, bila mpira. Mwalimu, naomba ukae pembeni na kufumba macho, utuambie nani anatua kwa kishindo.